Ubao wa nyuzi katika kuta za nje

Ubao wa nyuzi (huitwa pia faibabodi) ni bamba linalotengenezwa kwa nyuzi za miti au za mimea mingine, kwa mfano makapi ya miwa, ambazo hushikamanishwa na kukaushwa. Katika nchi zenye nyumba nyingi za fremu ya mbao, hasa Marekani na Kanada, aina nyepesi ya ubao huu hupigiliwa upande wa nje wa fremu kabla ya kuwekwa mfuniko wa nje kama vile matofali, mbao au lipu. Tabaka hilo ni bitana ya ukuta. Kama ilivyo bitana ya koti, halionekani nyumba ikishakamilika, lakini likiharibika vazi lote huharibika.

Kanuni za ujenzi huruhusu matumizi hayo kwa masharti, na masharti mengi yanahusu maji. Ubao wa nyuzi hunyonya maji ukiachwa kuloa. Kwa upande mwingine hupitisha mvuke kwa urahisi, hivyo hukauka upesi kuliko mabamba mengine mengi ya mbao. Kwa sababu hiyo kanuni haziutegemei ubao wenyewe kuzuia mvua. Hutaka ukuta mzima upangwe ili maji ya mvua yabaki nje, yale yanayopenya yapate pa kutokea, na unyevu unaosalia upate njia ya kukauka.

Mahali pake ukutani

Ukuta wa nje wa nyumba ya mbao huko Amerika ya Kaskazini una matabaka kadhaa. Kutoka ndani kwenda nje, kwa kawaida hufuatana hivi:

* bamba la jasi lililopakwa rangi, ambalo ndilo linaloonekana chumbani;
* kizuizi cha mvuke, pale kinapotakiwa;
* nguzo za fremu, na katikati yake kihami joto kama sufi ya kioo;
* bitana ya ukuta, ambayo inaweza kuwa ubao wa nyuzi, plaiwudi, bamba la vipande vya mbao vilivyogandishwa (OSB), bamba la jasi la nje au bamba la povu;
* utando wa kuzuia maji;
* mfuniko wa nje.

Bitana hufanya kazi tatu. Huziba upepo, huongeza kiasi cha uhami joto, na huweza kuishika fremu isiyumbe upande kwa nguvu ya upepo. Kazi hii ya tatu haifanywi na kila ubao wa nyuzi. Kanuni hutofautisha ubao wa kawaida, ambao ni wa kuhami tu, na ubao wa kimuundo, ambao umepimwa nguvu zake na kupigwa alama ya kiwanda.

Utengenezaji

Mbao za nyuzi hugawanywa kwa kufuata uzito wa ujazo wake. Viwango vya Ulaya huita ubao laini ule ulio na kilo 230 hadi chini ya 400 kwa mita moja ya ujazo. Ulio mzito zaidi ni wa wastani, na mzito kuliko wote huitwa ubao mgumu. Bitana za kuta hutokana na kundi la ubao laini. Ubao wa MDF unaotumika katika samani ni kitu kingine, maana huo hutengenezwa kwa njia kavu na kuunganishwa kwa gundi.

Ubao laini hutengenezwa kwa njia ya maji. Vipande vya mbao husagwa hadi kuwa nyuzi, kisha nyuzi huchanganywa na maji mengi na kuwa uji. Uji huo humwagwa juu ya wavu unaosogea, maji huchujwa, na tabaka linalobaki hubanwa kidogo na kupitishwa katika tanuri la kukaushia. Nyuzi husukana zenyewe, na lignini iliyomo katika mti husaidia kuzigandisha. Viwanda huongeza wanga kwa ajili ya nguvu, na nta au lami kwa ajili ya kupunguza unyonyaji wa maji.

Lami ndiyo inayoupa ubao wa nje rangi nyeusi ambayo mafundi wengi wa Amerika wanaijua. Inaweza kuchanganywa ndani ya uji au kupakwa juu ya bamba lililokwisha kukauka. Rangi hiyo imewapotosha watu wengi, kwa kuwa huufanya ubao uonekane kama kitu kisichopenyeka. Kwa kweli lami hupunguza tu kasi ya kunyonya. Kati ya nyuzi bado kuna matundu madogo yenye hewa. Matundu hayo ndiyo yanayohami joto na kupitisha mvuke, na ndiyo yanayoweza kujaa maji.

Historia

Mnamo mwaka 1914, huko International Falls katika jimbo la Minnesota, Carl Muench alibuni ubao wa kuhami kutokana na mabaki ya mbao ya kiwanda cha karatasi. Ubao huo uliuzwa kwa jina la Insulite. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Celotex ilianza kutengeneza ubao wa namna hiyo kwa makapi ya miwa huko Marrero, karibu na New Orleans katika jimbo la Louisiana. Mabaki ambayo awali yalichomwa moto viwandani yakawa bidhaa yenye thamani. Mwaka 1924 William H. Mason alivumbua ubao mgumu huko Laurel, Mississippi, ambao ulipata jina la Masonite.

Kabla ya mbao za nyuzi, fremu za nyumba zilifunikwa kwa mbao za kupasuliwa zilizopigiliwa moja moja. Mabamba makubwa yaliokoa muda na fedha, na baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia yalitumika katika mitaa mipya mingi ya Marekani na Kanada. Baadaye plaiwudi, kisha OSB, zilichukua sehemu kubwa ya soko kwa sababu hushika misumari vizuri na zina nguvu zaidi. Hata hivyo ubao wa nyuzi haukutoweka. Unaendelea kutumika katika nyumba mpya, na nyumba nyingi za zamani bado zinao chini ya mifuniko yake.

Jinsi maji yanavyouingia ukuta

Maji huufikia ubao kwa njia nne, na kila sharti la kanuni hulenga mojawapo.

Njia ya kwanza ni mvua inayosukumwa na upepo. Hakuna mfuniko wa nje usiopitisha maji kabisa. Tofali hunyonya, lipu hupata nyufa, na mbao huachana kwenye maungio. Sehemu zenye hatari zaidi ni pembe za madirisha, mahali paa linapokutana na ukuta, na pale roshani ilipofungwa kwenye fremu.

Njia ya pili ni kupanda kwa maji kutoka chini. Ubao unaogusa udongo au sakafu ya saruji iliyoloa huvuta maji kwenda juu kama utambi wa taa unavyovuta mafuta.

Njia ya tatu ni hewa ya ndani inayovuja. Hewa ya nyumbani hubeba mvuke wa kupika, kuoga na kupumua. Wakati wa baridi, hewa hiyo ikipita kwenye tundu la swichi au ufa na kuufikia ubao ulio baridi, mvuke hugeuka matone.

Njia ya nne ni mvuke unaopenya polepole ndani ya mabamba yenyewe bila kuhitaji tundu lolote. Kiasi chake kwa kawaida ni kidogo kuliko kile kinachobebwa na hewa, lakini huendelea usiku na mchana kwa miezi.

Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji maji. Mafundi wa mbao huchukua unyevu wa asilimia 20 ya uzito mkavu kuwa mpaka wa usalama, na uozo hustawi unyevu unapozidi takriban asilimia 28. Ubao kuloa mara moja na kukauka si hatari. Hatari ni kuloa tena na tena bila kupata muda wa kukauka.

Masharti ya kanuni za Marekani

Marekani haina kanuni moja ya ujenzi inayolazimisha nchi nzima. Baraza la Kimataifa la Kanuni (ICC), lililoundwa mwaka 1994 na mashirika matatu yaliyokuwa na kanuni tofauti, huandaa kanuni za mfano. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000, na matoleo mapya hutolewa kila baada ya miaka mitatu. Kanuni ya Kimataifa ya Makazi (IRC) inahusu nyumba za familia moja au mbili na nyumba za safu zisizozidi ghorofa tatu. Majengo mengine yako chini ya Kanuni ya Kimataifa ya Majengo (IBC). Kanuni hizi hupata nguvu ya sheria pale tu jimbo au mji unapozipitisha, mara nyingi pamoja na marekebisho yake. Hivyo fundi hulazimika kujua toleo linalotumika mahali anapojenga.

Ubora wa ubao

Ubao unaotumika katika jengo unatakiwa kutimiza kiwango cha ASTM C208, ambacho huweka mipaka ya nguvu, unyonyaji wa maji na kuvimba. IBC, katika sura ya 23 inayohusu mbao, huongeza kwamba ubao wa kuhami unaowekwa nje ya ukuta wa msingi ni lazima upakwe lami sehemu iliyo chini ya usawa wa ardhi.

Upigiliaji

Kwa ubao wa kimuundo unaotumika kuzuia fremu isiyumbe, IRC hutaja unene wa inchi ½ (mm 13) au inchi 25/32 (mm 20), na nguzo zisizopishana zaidi ya inchi 16 (mm 406) kutoka katikati hadi katikati. Misumari ni ya kichwa kipana iliyopakwa zinki, ya urefu wa inchi 1½ kwa ubao mwembamba na inchi 1¾ kwa ubao mnene. Hupigwa kila inchi 3 (mm 76) kwenye kingo na kila inchi 6 (mm 152) kwenye nguzo za katikati. Kichwa kipana kina sababu yake: ubao ni laini, na msumari wa kichwa kidogo huuchana na kupita. Kwa sababu hiyo hiyo fundi hatakiwi kuuzamisha msumari hadi uvunje uso wa ubao.

Ubao wa nyuzi haushiki msumari kama plaiwudi. Kwa hiyo misumari ya mfuniko wa nje haihesabiwi kuwa imeshika kwa kupita kwenye ubao tu, bali ni lazima ifike kwenye nguzo ya fremu. Fundi anayekosa nguzo huacha nyuma mambo mawili mabaya: mfuniko uliolegea na tundu la maji.

Watengenezaji wengi huagiza pia kuacha nafasi ya inchi ⅛ (mm 3) kati ya bamba na bamba, kwa kuwa ubao hutanuka kidogo unapopata unyevu. Mabamba yaliyobanana hubenuka na kuusukuma mfuniko.

Utando wa kuzuia maji

Kifungu R703 cha IRC kinataka ukuta wa nje uzuie maji kurundikana ndani yake. Nyuma ya mfuniko panatakiwa kuwepo utando wa kuzuia maji, pamoja na njia ya kuyatoa nje maji yaliyopita mfuniko. Utando wa kawaida unaotajwa ni tabaka moja la karatasi ya lami namba 15. Tando nyingine, kama zile za plastiki zinazopitisha mvuke, hukubaliwa zikithibitishwa kuwa na uwezo sawa.

Karatasi hupigwa kwa ulalo kuanzia chini kwenda juu, na tabaka la juu hulalia lile la chini kwa angalau inchi 2 (mm 51). Panapokutana ncha mbili, hulaliana kwa angalau inchi 6 (mm 152). Kanuni ni ile ile ya makuti na vigae: cha juu kilalie cha chini, ili maji yashuke juu ya mgongo wa kila tabaka. Ukipindua mpangilio mahali pamoja tu, utando huwa mfuko unaokusanya maji na kuyaelekeza kwenye ubao.

Kwa lipu ya saruji juu ya bitana za mbao, tabaka moja halitoshi. Lipu hugandamana na karatasi na kuinyima uwezo wa kutoa maji. Kwa hiyo hutakiwa matabaka mawili, la nje lishikane na lipu na la ndani libaki huru, au utando unaolingana na hayo. Kwa ukuta wa matofali ya nje, huachwa nafasi ya hewa ya angalau inchi 1 (mm 25) na matundu ya kutolea maji chini ya ukuta, yasiyopishana zaidi ya inchi 33 (mm 838).

Mabati ya kuelekeza maji

Utando hauwezi kutosha peke yake mahali ukuta ulipokatwa. Kanuni hutaka vipande vya bati lisiloshika kutu, au vya utando wa kubandika, viwekwe kwenye madirisha na milango, mahali bomba la moshi linapokutana na lipu au mbao, juu ya mapambo ya mbao yanayotokeza, pale paa linapokutana na ukuta, na pale baraza au roshani inapofungwa kwenye fremu. Kila kipande huingia chini ya utando ulio juu yake na kulalia utando ulio chini yake.

Umbali kutoka ardhini

IRC inataka bitana ya mbao, mfuniko wa mbao na fremu vilivyo chini ya inchi 6 (mm 152) kutoka ardhini viwe vya mbao iliyotiwa dawa au ya mti unaostahimili uozo kwa asili. Kutoka kwenye ngazi, baraza au sakafu ya saruji iliyo wazi kwa mvua, umbali huo ni inchi 2 (mm 51). Ardhi yenyewe inatakiwa iteremke inchi 6 ndani ya futi 10 (mita 3) za kwanza kutoka kwenye msingi. Sharti hili huvunjwa mara nyingi na mwenye nyumba mwenyewe miaka mingi baadaye, anapopandisha udongo wa bustani hadi ukafunika ukingo wa chini wa ukuta.

Kizuizi cha mvuke

Kipimo cha upitishaji wa mvuke nchini Marekani ni permu. Kizuizi cha daraja la I hupitisha permu 0.1 au pungufu, kama nailoni nene ya plastiki. Daraja la II huzidi 0.1 hadi kufikia 1, na daraja la III huzidi 1 hadi kufikia 10, ambamo huingia rangi nyingi za kawaida za ukutani.

Nchi imegawanywa katika kanda za hali ya hewa, kutoka kanda ya 1 yenye joto kali, ambako iko Miami, hadi ya 8 katika sehemu za Alaska. Katika kanda za 5 hadi 8 na ukanda wa pwani wa 4, ambako iko Seattle, kanuni hutaka kizuizi cha daraja la I au II upande wa ndani wa fremu. Katika kanda za joto hakitakiwi. Huko nyumba hupozwa kwa mashine, mvuke hutoka nje kwenda ndani, na plastiki iliyofungwa nyuma ya bamba la jasi huweza kuunasa.

Hapa ndipo ubao wa nyuzi unapopata nafuu. Katika matoleo ya 2009 hadi 2018, kanuni iliruhusu rangi ya daraja la III peke yake katika baadhi ya kuta za maeneo ya baridi. Katika kanda ya 5, ambako iko Chicago, ruhusa hiyo ilihusu kuta zenye mfuniko unaopitisha hewa nyuma yake, bitana ikiwa ni bamba la mbao, ubao wa nyuzi au jasi. Katika kanda ya 6, ambako iko Minneapolis, bamba la mbao liliondolewa katika orodha, lakini ubao wa nyuzi na jasi vilibaki. Sababu ni kwamba OSB na plaiwudi huchelewesha mvuke kutoka wakati wa baridi kali, ilhali ubao wa nyuzi huuacha upite. Katika kanda za 7 na 8 bitana hizo zote hazikutosha, na ilihitajika bitana ya kuhami yenye unene wa kutosha kuufanya ukuta ubaki na joto.

Ruhusa hiyo ilitegemea mfuniko wenye mwanya wa hewa. Ubao wa nyuzi uliozibwa kwa nje na kitu kisichopitisha mvuke hupoteza nafuu yake yote.

Mipaka mingine

Ubao wa nyuzi huungua, kwa hiyo kuta zilizo karibu na mpaka wa kiwanja hufuata pia masharti ya kustahimili moto. Kuna mipaka pia katika maeneo ya matetemeko makubwa ya ardhi: IRC hairuhusu njia ya kufunika ukuta mzima kwa ubao wa nyuzi kama kizuia mtikisiko katika makundi ya hatari ya juu.

Kanada

Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya Kanada ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1941, nayo pia ni ya mfano hadi ipitishwe na majimbo. Ubao wa nyuzi hupimwa kwa kiwango cha CAN/ULC-S706, na umetumika sana hasa katika jimbo la Quebec. Kwa kuwa majira ya baridi ni marefu, kanuni hiyo hukazia hewa na mvuke kutoka ndani. Kizuizi cha mvuke hakitakiwi kupitisha zaidi ya nanogramu 60 kwa paskali kwa sekunde kwa mita ya mraba, kiasi kinachokaribia permu 1, nacho huwekwa upande wenye joto. Mabamba ya nje yasiyopitisha hewa wala mvuke huwa na masharti ya ziada kuhusu mahali pa kuwekwa.

Mbao za fremu zinatakiwa ziwe na unyevu usiozidi asilimia 19 zinapojengwa. Tangu toleo la 2005, maeneo yenye mvua nyingi yanatakiwa kuwa na mwanya wa angalau mm 10 kati ya mfuniko na utando.

Mafunzo kutoka Vancouver na New Zealand

Sharti la mwanya lilitokana na hasara kubwa. Katika miaka ya 1980 na 1990, majengo mengi ya ghorofa chache yalijengwa Vancouver na pwani ya British Columbia yakiwa na lipu iliyobandikwa moja kwa moja, paa zisizo na upenu, na mabati machache ya kuelekeza maji. Mvua iliingia kwenye madirisha na roshani, na haikuwa na pa kutokea. Fremu na bitana zilioza ndani ya miaka michache. Mwaka 1998 serikali ya jimbo iliunda tume chini ya aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo hilo, Dave Barrett. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kuwalinda wamiliki wa nyumba, iliyoleta leseni za wajenzi na dhamana ya lazima kwa nyumba mpya.

New Zealand ilipata maafa yanayofanana. Huko mbao za fremu zisizotiwa dawa zilikuwa zimeruhusiwa katika miaka ya 1990. Ripoti iliyoongozwa na Don Hunn mwaka 2002 ilionyesha kasoro za mfumo mzima, na Sheria ya Ujenzi ya 2004 ilifuata. Makadirio yaliyofanywa kwa ajili ya serikali mwaka 2009 yalitaja nyumba zipatazo 42,000 na gharama ya dola bilioni 11.3 za nchi hiyo. Familia nyingi zilijikuta zinadaiwa mkopo wa nyumba ambayo haikaliki wala haiuziki.

Majengo hayo kwa sehemu kubwa hayakuwa na bitana za ubao wa nyuzi. Fundisho lake linauhusu hata hivyo, kwa kuwa tatizo halikuwa bamba moja bali ukuta ulioweza kuloa na usioweza kukauka. Kutoka Vancouver wahandisi walieneza mpangilio wa hatua nne ambao hufundishwa hadi leo: kuyakwepesha maji kwa upenu na mabati, kuyatoa yaliyopita mfuniko, kukausha yaliyobaki, na kutumia vifaa vinavyodumu.

Ulaya

Kiwango cha EN 622-4 hugawa ubao laini katika matumizi ya mahali pakavu (SB), penye unyevu (SB.H) na nje (SB.E). Katika Ujerumani na nchi jirani, mbao nene za nyuzi hutumika nje ya fremu kama bitana na kihami joto kwa pamoja, ukuta ukipangwa ili mvuke upite kwa wepesi zaidi kadiri unavyoelekea nje.

Ukaguzi na matengenezo

Mkaguzi wa ujenzi huutazama ukuta kabla haujafunikwa, kwa kuwa baada ya hapo kosa halionekani. Mambo yanayotazamwa zaidi ni alama ya kiwanda kwenye ubao, nafasi za misumari, mpangilio wa utando kwenye madirisha, na umbali wa ukingo wa chini kutoka ardhini. Ubao ulionyeshewa mahali pa ujenzi huachwa ukauke kwanza. Uliovimba kingo au unaobomoka kwa kidole hubadilishwa.

Katika nyumba inayokaliwa, dalili za ubao uliooza ni mfuniko unaobonyea, rangi inayobambuka mahali pamoja kila mwaka, harufu ya uvundo, na baka chini ya pembe ya dirisha. Kubadilisha ubao bila kutafuta chanzo cha maji ni kurudia gharama.

Afrika ya Mashariki

Nchini Kenya na Tanzania kuta nyingi hujengwa kwa matofali, mawe au saruji, hivyo ubao wa nyuzi hauna nafasi kubwa ukutani. Unajulikana zaidi kwenye dari za nyumba na ofisi. Huko nako tabia yake ni ile ile: bati likivuja, ubao huonyesha baka la kahawia, kisha hulegea na kushuka katikati. Dawa huanzia kwenye bati, si kwenye ubao.

Tazama pia

* Kuvu
* Plaiwudi
* Saruji
* Ujenzi
* Unyevu